Video za TED darasani: nyota nne, kwa masharti

Nianze na hukumu, maana walimu hatuna muda. Video za TED zinafaa darasani, hazina malipo, na nitaendelea kuzitumia. Ila zinasifiwa kwa jambo ambalo si nguvu yake. Kila anayeziuza kwa mdomo husema zinawatia wanafunzi hamasa. Hamasa hiyo mimi nimeiona: haivuki kengele ya chakula cha mchana. Kinachobaki ni ubishi, na ubishi hauanzi mpaka mwalimu asimamishe video katikati, watu wakiwa bado na kiu ya kujua kilichotokea.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa huku Kisauni, Mombasa, wavulana na wasichana pamoja, darasa limejaa mpaka madawati ya mwisho yameegemea ukuta. Projekta ni moja kwa shule nzima, na kuipata lazima uwe unasikizana na mwalimu wa kompyuta. Nasema haya ili msomaji ajue maoni yangu yanatoka wapi. Mwenye darasa la watoto ishirini na kiyoyozi huko Nyali huenda akaona mengine.

Kwa asiyezijua: TED ni mkutano ulioanza Marekani mwaka 1984, na tangu 2006 hotuba zake zimekuwa zikiwekwa kwenye intaneti bure. Sharti lao kubwa ni kuwa msemaji asivuke dakika 18. Zipo za dakika tatu, zipo za saba, na hizo fupi ndizo zinazotuhusu sisi tuliofungwa na kengele. Kipindi chetu ni dakika 40. Toa za kuwangoja waliokuwa maabara, toa za kuhangaika na waya, toa za yule ambaye lazima aende msalani taa zikizimwa. Video ya dakika 18 itakumalizia kipindi na hutakuwa umefundisha kitu. Ya dakika saba inakuachia nafasi ya kuivunja vipande na kuongea.

Kabla ya hizi tulikuwa na wahamasishaji, na bado tunao. Muhula wa tatu ukifika, mtihani wa kitaifa unanukia, shule huleta bwana mwenye suti na maikrofoni. Watoto hukusanywa chini ya mwarobaini, kila mmoja ameshatoa mchango wake, kisha wanaambiwa, "Mgeukie jirani yako, mwambie: wewe ni A!" Wanageukiana. Wanapiga makofi. Kuna wanaolia machozi ya kweli, sitanii. Wiki inayofuata nasahihisha insha, na hiyo A siioni popote. Kwa hiyo nilipoambiwa na mwenzangu nijaribu "hotuba za kutia moyo za kwenye mtandao", nilidhani ni bwana yule yule, safari hii kwenye skrini. Baadhi ni yeye kweli. Nitawafikia.

Kwanza mambo ya jikoni, kwani hapa ndipo wengi wanapokwama. Usitegemee intaneti ya shule. Pakua video nyumbani usiku bando likiwa la bei ya chini, itie kwenye flashi, na uijaribu kwenye laptopu ile ile utakayotumia. Programu ya TED ya kwenye simu nayo inakuwezesha kupakua hotuba ukaitazama bila mtandao. Leseni yao inaruhusu kuonyesha na kugawa bila malipo, mradi usiiuze, usiikatekate na ueleze imetoka wapi. Picha ya ubora wa chini inatosha kabisa. Ukutani kwetu penye rangi iliyobambuka hata iliyo kali haionekani tofauti. Pesa zako tia kwenye spika. Feni za dari zina kelele, na ukizizima mwezi wa Februari utakuwa unafundisha ndani ya tanuri, kwa hiyo spika lazima iishinde feni. Na mwezi wa Ramadhani usizime taa saa nane mchana. Nusu ya darasa italala, na utakosa hata pa kuanzia kulaumu.

Sasa hotuba zenyewe. Iliyo bora kuliko zote kwa darasa langu ni ya Richard Turere, kijana wa Kitengela aliyesimama jukwaani California mwaka 2013 akiwa na miaka 13. Inachukua kama dakika saba. Kwao ni upande wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, upande usio na ua, na simba walikuwa wakitoka usiku kula ng'ombe. Kulinda ng'ombe wa baba yake ilikuwa kazi yake. Akajaribu moto, moto ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakageuka, siku ya pili wakatambua kwamba kitu kile hakiondoki pale kilipo, wakaingia. Usiku mmoja akawa anazungukazunguka na tochi, na simba hawakuja. Hapo akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akatafuta betri kuukuu ya gari, kifaa kinachomeremetesha taa za pikipiki inapokata kona, balbu za tochi mbovu na paneli ya sola, akatengeneza taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi. Simba wakiziona wanadhani kuna mtu anapiga doria, kumbe mwenyewe amelala.

Mtindo wa kusimamisha video sikuutoa katika kitabu chochote cha ualimu. Kipindi changu siku hiyo kilikuwa kabla tu ya adhuhuri. Adhana ya msikiti wa jirani ikaanza pale pale moto uliposhindwa, nikasimamisha, tukanyamaza kama kawaida yetu. Adhana ilipokwisha, kabla sijabonyeza, msichana mmoja wa mbele akauliza, "Sasa mwalimu, simba anaogopa nini, ikiwa moto haogopi?" Darasa zima likalipuka. Mbwa! Seng'enge! Redio iwashwe usiku kucha! Mmoja akasema sumu, akajibiwa na watatu kwa pamoja kuwa sumu italiwa na mbwa wa jirani kwanza, na ng'ombe wa watu pia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufuga ng'ombe. Nikawaacha wabishane, nikabonyeza, na walipoona ile sanamu wakanyamaza kwa namna ambayo haijawahi kutokea nikisoma ufahamu.

Tangu siku hiyo husimamisha mara mbili, moja baada ya moto, nyingine baada ya sanamu, adhana iwepo isiwepo. Nikimaliza video bila kusimama, wanapiga makofi na basi. Wamemuona kijana hodari, wamefurahi, wametoka. Nikisimama, wao wenyewe wanakuwa wameshindwa pamoja naye mara mbili kabla hajafaulu, na hapo wana la kusema.

Kuna pale anaposimulia alivyoifungua redio mpya ya mamake ili ajifunze mambo ya umeme, na mama nusura amuue. Hapo usisimamishe, hawatakusikia kwa kicheko. Kila mvulana darasani amewahi kufungua simu ya mtu.

Simba hatunao, lakini kunguru tunao. Wasio wa Mombasa hawawezi kuelewa. Ndege hawa walitoka Bara Hindi, wakaletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka, na sasa wanakula chakula chetu. Idadi yao ilifika mahali ambapo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa 2024. Pale shuleni walikuwa wakikaa kwenye ukingo wa paa la jikoni, wakimngoja mtoto wa kidato cha kwanza atoke langoni na hamri yake mkononi. Kwa hiyo nilipouliza, "Nani ana simba wake?" jibu lilikuwa moja.

Kikundi kimoja kikafunga sahani kuukuu za CD kwenye kamba juu ya mlango wa jikoni. Zilimeremeta vizuri. Siku za mwanzo kunguru hawakusogea karibu, na mama wa jikoni akawapa wale vijana pure ya nyongeza. Baadaye kunguru wakaanza kutua juu ya kamba yenyewe. Yule msichana wa adhana ndiye aliyekumbusha wenzake: sanamu haiondoki pale ilipo. Wakaanza kuihamisha kamba kila asubuhi, leo mlangoni, kesho kwenye mti, keshokutwa juu ya mapipa. Kunguru hawajaisha, msije mkaja Kisauni kutafuta dawa. Wamepungua pale mlangoni tu, na hata hilo mama wa jikoni analibishia.

Mimi nilichopata ni ripoti. Nyinyi mnaofundisha insha mnajua ripoti za wanafunzi zilivyo: "Kamati teule iliyoundwa kuchunguza kiini cha utovu wa nidhamu," mbinu za uchunguzi ni zile zile, mapendekezo yamenakiliwa kutoka kwa ndugu aliyemaliza miaka mitatu iliyopita. Safari hii nilisahihisha ripoti za kunguru. Zina tarehe za kweli. Zina matokeo yanayopingana na matarajio. Mmoja ameandika katika mapendekezo kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza wafundishwe kula hamri wakiwa ndani ya darasa. Hilo pendekezo nimelipeleka kwa mwalimu wa zamu.

William Kamkwamba ni wa pili kwangu, na yeye nina namna yangu ya kumtumia. Kijana wa Malawi aliyeacha shule kwa kukosa karo, akasoma vitabu vya maktaba, akajenga kinu cha upepo akiwa na miaka 14 kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki. Kinu kikawasha taa nne na redio mbili nyumbani kwao. Ana hotuba mbili, zote fupi. Ya kwanza alitoa hapa jirani, Arusha, mwaka 2007. Anahojiwa, Kiingereza kinamkwama, majibu ni ya maneno machache, na kwa ufupi anasema alijaribu na akaweza. Ya pili alitoa Oxford mwaka 2009, na humo anasimulia kwamba siku ile ya Arusha aliogopa mpaka Kiingereza kikampotea na akataka kutapika.

Ziweke zote mbili kwa mfuatano, bila maelezo. Nina wanafunzi wanaoongea Kiswahili kitamu kiasi cha kunifanya niache kusahihisha nisikilize, lakini mgeni wa wizara akiingia na Kiingereza chake wanainamisha vichwa utadhani wamepoteza kitu chini ya dawati. Kumuona mtu mwingine ambaye lugha imemkimbia mbele ya ukumbi, na ukumbi ule ule unampigia makofi kwa sababu ya alichokifanya kwa mikono yake, kuliwagusa kuliko hotuba yoyote ya "jiamini". Katika kipindi cha mjadala kilichofuata, mvulana ambaye hajawahi kusimama alisimama. Alisema sentensi mbili akakaa. Mimi zilinitosha.

Nakuja kwenye somo langu lenyewe, hotuba. Katika karatasi ya insha swali la kwanza ni la lazima, na hotuba ni mojawapo ya yale yanayoweza kuulizwa humo. Mtoto anatakiwa aandike maneno yasiyopungua 400, na mia ya kwanza huzimaliza kwa salamu: mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, naibu wa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi, walimu, wazazi, wanafunzi wenzangu, hamjambo. Itifaki ni lazima, alama zipo hapo, na siwafundishi kuiacha. Lakini nilitaka waone kinachotokea baada ya itifaki. Wasemaji wa TED hawasalimu mtu. Turere anaanza na mahali anapoishi. Tukawa tunachukua hotuba yao na kuivisha itifaki yetu: msalimie mgeni wa heshima, kisha sentensi inayofuata iwe na simba ndani. Insha zilibadilika. Badala ya "lengo langu la kusimama mbele yenu siku ya leo ni kuwahutubia kuhusu umuhimu wa mazingira", nikaanza kupata mtu aliyekanyaga sindano ufukoni Bamburi, au maji ya mvua yaliyoingia hadi kitandani Mtopanga. Mazingira yale yale, ila sasa yana mtu ndani.

Haya, tufike kwa wale niliowaahidi. Zipo hotuba za TED ambazo ni yule bwana wa mwarobaini, tofauti ni kwamba ana taa nzuri na picha za utafiti nyuma yake. Nitatoa mfano wa ile ya Joachim de Posada ya mwaka 2009, ya dakika sita, inayopendwa sana na walimu. Inahusu jaribio la watoto na peremende laini: mtoto anaachwa na moja, akivumilia bila kuila mpaka mtu mzima arudi, anapewa ya pili. Hotuba inakuambia kwamba waliovumilia ndio waliokuja kufanikiwa. Video ile ya watoto wanaonusa peremende na kuilamba pembeni inachekesha, na somo lake limeshafungwa na kamba: subira, basi.

Niliwaonyesha, nikasimamisha baada ya sharti la mchezo, nikauliza wao wangefanya nini kama ni kashata. Kijana wa nyuma, ambaye baada ya shule husaidia kuuza mitumba soko la Kongowea, akasema, "Inategemea. Huyo mtu mzima anajulikana? Isije ikawa anaondoka na asirudi, halafu na hii moja aninyang'anye." Wenzake wakacheka, mimi sikucheka. Swali lake ndilo waliloliuliza watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester miaka michache baada ya hotuba hiyo. Waliwagawa watoto: wengine wakaahidiwa vitu na mtu mzima, wakavipata, wengine wakaahidiwa wasipate. Baadaye wote wakapewa mtihani wa peremende. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walingoja dakika tatu. Na mwaka 2018 watafiti wengine waliolipima jambo hili kwa watoto zaidi ya 900 wakaona kwamba ukishahesabu hali ya nyumbani na malezi, ule uhusiano wa subira na mafanikio unapungua sana.

Hotuba haina hayo, na haiwezi kuwa nayo, ilitolewa kabla. Lakini bado inachezwa madarasani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtoto ambaye nyumbani kinachoachwa mezani hakikutwi atatoka amejifunza kwamba kasoro ni yake. Siwezi kumfanyia hivyo mtu wa Kongowea. Ya Amy Cuddy, mwanasaikolojia wa Marekani, kuhusu kusimama kishujaa ili ujisikie na nguvu nayo nimeiweka kando. Mmoja wa walioandika naye utafiti huo alitangaza mwaka 2016 kwamba haamini tena matokeo yake. Kwa hiyo, mwalimu, kabla ya kuonyesha hotuba inayosema "sayansi imethibitisha", tafuta kwanza kilichoandikwa baada ya mwaka wa hotuba. Hiyo ndiyo kazi halisi ya kutumia video hizi, na inakula muda kuliko kupakua.

Ya Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, ya 2009, kuhusu hatari ya kumjua mtu kwa hadithi moja tu, ni nzuri na ndefu, inakaribia dakika 19 licha ya lile sharti lao. Mimi huigawa siku mbili. Siku ya kwanza naishia pale mwenzake wa chumbani Marekani anapotaka kusikia muziki wa kabila lake, naye anamtolea kanda ya Mariah Carey. Kazi ya nyumbani: andika hadithi moja ambayo wageni wanayo kuhusu Pwani. Nilijua nitapata nini. Kwamba sisi wavivu, kwamba kazi yetu ni kulala chini ya mnazi na kungoja watalii, kwamba majini yamejaa mjini. Nisichokitarajia ni binti mmoja aliyeandika hadithi tuliyo nayo sisi kuhusu watu wa bara, na akaisoma mbele ya wenzake ambao nusu yao wazazi wao walikuja hapa kutafuta kazi bandarini. Kipindi hicho sikukifundisha mimi.

TED-Ed, upande wao wa masomo uliofunguliwa mwaka 2012, nauzungumzia kwa ufupi kwa kuwa haunihusu sana. Ni video za katuni za kama dakika tano, za sayansi, historia, mafumbo ya hesabu, na chini ya kila moja kuna maswali na mada ya mjadala. Mwenzangu wa biolojia anaapa kwa hizo. Kwangu mimi, katuni inapendeza, ila hakuna mtu wa kubishana naye.

Kasoro nyingine. Hotuba karibu zote ni za Kiingereza. Manukuu yanatafsiriwa na watu wa kujitolea, na Kiswahili kimo, ila hotuba zilizopata Kiswahili ni chache ukilinganisha na lugha kubwa, na mara nyingi ile unayoitaka wewe haimo. Nikikuta haina, hueleza mwenyewe kila ninaposimama. Inawezekana, lakini koo linakauka. Tena wasemaji wakizidi, wanaanza kufanana: hatua tatu mbele, kimya, sauti ya chini, ukumbi unasimama. Wanafunzi wangu wameshaigundua hiyo, kuna anayeiga vizuri mno, na ukionyesha video kila wiki utaua dawa. Mimi ni moja kwa mwezi, au chini ya hapo. Kidato cha nne muhula wa tatu usiwaonyeshe kabisa, wana karatasi za marudio, na wana haki.

Mwalimu mkuu wetu alipopita dirishani akakuta giza na kicheko, aliuliza kama hili ni somo ama sinema. Nikamwonyesha maandalio ya somo: mada ni ripoti, shabaha zimo, zoezi limo. Akasimama mlangoni mpaka video ikaisha, akaniuliza kama ninayo nyingine ya dakika chache hivyo kwa mkutano wa wazazi. Nilimpa ya Turere, nikamwonya asimame mara mbili.

Nyota, basi. Turere, tano. Kamkwamba zote mbili kwa pamoja, tano. Adichie, nne, urefu umempunguzia. De Posada, mbili, na ni kwa sababu ya swali la yule kijana tu. Huduma yenyewe kwa jumla, nne, ukiwa na flashi, spika na kidole kisichoogopa kusimamisha. Ukiwa unatafuta kitu cha kuwashughulisha watoto huku wewe unasahihisha madaftari nyuma ya darasa, hizi hazikufai, wape sinema.

Wa shule za jirani mnaotaka nakala, zote hizi ninazo. Njooni na flashi zenu, saa nne wakati wa mapumziko nipo chumba cha walimu, na tafadhali ziwe zimesafishwa virusi, maana ile laptopu si yangu.